Giaboksi na Vitenzi vya Fundi: Sura Moja ya Historia ya Ufundi katika Kiswahili

Kwa miaka mingi pamekuwapo mabishano juu ya swali hili: je, Kiswahili chaweza kubeba elimu ya mitambo? Wanaosema hakiwezi hutaja majina ya vyombo na kuonyesha kwamba karibu yote yametoka ng'ambo. Wanaosema chaweza huketi wakatunga majina mapya, wakayapanga katika orodha na kuyapiga chapa. Pande zote mbili zimetazama mahali pamoja, yaani kwenye majina. Makala haya yana shabaha ya kumwomba msomaji atazame mahali pengine, yaani kwenye vitenzi; na ili maneno yasielee hewani, nimechagua kazi moja tu, nayo ni kuifungua giaboksi ya gari iliyochakaa, kuitengeneza na kuifunga upya nyumbani, mbali na karakana ya kampuni. Kazi hiyo ina historia yake, na historia hiyo ni sehemu ya historia ya lugha yetu.

Yafaa tuanze na sababu ya giaboksi kuwako. Injini ya petroli haina nguvu ya kutosha inapozunguka polepole; hupata nguvu yake ikizunguka kwa kasi. Magurudumu, kwa upande wao, yataka nguvu nyingi pale gari linapoanza kuondoka au kupanda mlima, na wakati huo ndipo yanapozunguka polepole kabisa. Baina ya mahitaji haya mawili yanayopingana hapana budi pawe na mpatanishi, na mpatanishi huyo ni magurudumu madogo yenye meno, yaitwayo gia. Gia yenye meno machache ikisukuma yenye meno mengi, mwendo hupungua na nguvu huongezeka. Katika Land Rover za mwanzo, kwa mfano, gia ya kwanza ilitaka injini izunguke karibu mara 3 ili shafti ya kutokea izunguke mara 1. Gia ya nne ilikuwa 1 kwa 1.

Ufundi huu ulianza Ufaransa. Mwaka 1891 Émile Levassor, wa kampuni ya Panhard et Levassor, alitengeneza gari lenye injini mbele, klachi nyuma ya injini, kisha gia za kutelezeshwa juu ya shafti, ndipo nguvu ikaenda magurudumu ya nyuma. Mwanzoni gia hizo zilizunguka wazi, bila kasha wala mafuta ya kutosha, zikala vumbi la barabara. Dereva alipotaka kubadili gia alisukuma meno yaliyokuwa yakizunguka yakutane na meno mengine yaliyokuwa yakizunguka kwa mwendo tofauti, na mlio wake ulisikika mtaa mzima. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1898, kijana wa miaka 21, Louis Renault, alipanda na gari lake katika mtaa wenye mwinuko mkali uitwao Rue Lepic mjini Paris. Katika giaboksi yake, gia ya juu ilifungamanisha shafti ya kuingilia na shafti ya kutokea moja kwa moja, nguvu isipite katika shafti ya chini hata kidogo. Mpango huo ulitulia katika magari ya dunia kwa muda mrefu, na tutaona kwamba fundi wa leo bado anautumia kupata habari za ugonjwa.

Ugumu wa kulinganisha mwendo ulibaki kwa dereva. Ilimpasa akanyage klachi mara mbili na kupima kasi ya injini kwa sikio. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye ubunifu wa Earl A. Thompson: kabla ya meno kukutana, sehemu mbili zenye umbo la pia husuguana kwanza mpaka mwendo wao uwe sawa, ndipo gia iingie kimya. Thompson huyo huyo ndiye aliyeongoza kazi ya kubuni giaboksi ya Hydra-Matic, inayojibadili yenyewe, iliyotolewa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwa hiyo mtu aliyeifanya giaboksi ya mkono kuwa rahisi ndiye pia aliyefungua njia ya kuondolewa kwake.

Sasa tutazame Afrika ya Mashariki. Gari lilipofika kwetu halikukuta lugha tupu. Mambo ya vyombo vya kusafiria na vya kufanyia kazi yalikuwa tayari na maneno yaliyokuja kwa tabaka. Neno "usukani" ni la baharini, limetoka katika Kiarabu, nalo kwanza lilikuwa usukani wa jahazi. "Parafujo" lilitoka kwa Wareno. "Gari" na "karakana" yalivuka bahari kutoka Bara Hindi. "Fundi" ni ndugu wa kitenzi "kufunda", yaani kufundisha; kwa asili yake fundi si mwenye mikono mizuri tu, bali mtu ambaye ujuzi wake hupitishwa kwa mwingine. Tabaka la mwisho ni la Kiingereza: gia, giaboksi, klachi, beringi, shafti, bushi, gasketi, spana, jeki. Majina hayo yalivishwa vokali mwishoni, na mengi yake yakaingia katika ngeli moja pamoja na nyumba na nguo, wala hayakuulizwa yametoka wapi.

Vita Kuu ya Pili (1939–1945) vilieneza maneno hayo kuliko kitu kingine chochote. Maelfu ya vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi za jirani walifundishwa udereva na ufundi wa magari jeshini, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kuwaunganisha katika vikosi vya King's African Rifles. Vita vilipokwisha walirudi makwao na ujuzi wao. Mara ukafuata mradi wa karanga wa Tanganyika, wa 1947 hadi 1951, uliokuwa na kambi kubwa Kongwa. Mradi ulijaa matrekta yaliyobaki vitani, mengi yakiwa yamechakaa kabla ya kuanza kazi. Mradi ulishindwa kutoa karanga, walakini watu waliopita katika karakana zake walitoka wakijua kufungua na kufunga mitambo. Historia zilizoandikwa huhesabu fedha zilizopotea. Si rahisi kukuta zimeuhesabu ujuzi huo uliobaki.

Mwaka 1948, mwezi wa Aprili, Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Kwa miaka iliyofuata ilikuwa gari la bwana shamba, la misheni, la daktari wa wilaya na la polisi. Nalitaja gari hili hasa kwa sababu giaboksi yake yafaa sana kuwa mfano. Hadi ilipotoka namna ya tatu mwaka 1971, gia ya kwanza na ya pili, kwa kawaida, hazikuwa na pete za kulinganisha mwendo. Ni ya tatu na ya nne tu zilizokuwa nazo. Kwa hiyo dereva asiyejua kukanyaga klachi mara mbili aliyasaga meno ya gia hizo kila siku. Tena, ili kuitoa giaboksi yake haihitajiwi shimo wala mashine ya kuinulia gari. Fundi hung'oa viti na sakafu ya mbele, kisha huinua giaboksi kwa mnyororo na kuitolea mlangoni. Nguzo tatu zilizofungwa pamoja juu, au tawi nene la mwembe, zatosha.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Katika Tanzania, baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni, spea zilikuwa adimu kama chumvi jangwani. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, watu waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa. Katika miaka hiyo gari lisilotembea halikuwa gari lililoharibika, bali lililokuwa likimngoja mtu wa kulifufua. Katika Kenya, mafundi wa jua kali walikuwa na hali yao wenyewe, lakini shule ilikuwa ile ile: kijana huketi karibu na mkubwa wake, humshikia taa, huosha vyuma kwa petroli, na baada ya mwaka au miwili hupewa spana mkononi. Hakuna kitabu kilichofunguliwa. Mafunzo yote yalikaa katika maneno, na maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili.

Hapa ndipo twafika kwenye shina la habari. Sikiliza fundi akieleza maradhi ya giaboksi, uandike kila neno lake. Utaona kwamba majina ya vyombo ni ya kigeni karibu yote, na kwamba vitenzi vyote, bila kubaki hata kimoja, ni vyetu. Giaboksi "inalia". Gia "inachomoka". Meno "yamelika", tena "hayaumani" vizuri. Shafti "inacheza". Beringi "imekwama". Pete "imeshika" au "haishiki". Nati "imelegea", mtu aliyeifunga "hakuikaza". Jina lamwambia msikilizaji kitu gani kinasemwa. Lakini kitenzi ndicho kinachomwambia kitu hicho kimepatwa na nini, na katika ufundi wa kutengeneza hilo ndilo swali lenyewe.

Tena vitenzi hivyo havifanyi kazi vikiwa uchi. Vinafanya kazi kwa viambishi vyake, na kila kiambishi kina maana ya kifundi. Fundi akisema gia "imechomolewa", yuko mtu aliyeitoa. Akisema "imechomoka", imetoka yenyewe gari likienda. Hapo lawama haimwendei dereva, bali huenda kwenye springi na kigololo vya kuzuilia, au kwenye meno yaliyoviringika ncha, au kwenye shafti iliyopata nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Akisema meno "yanakwaruzana", maana yake ni mawili yanayodhuriana. Akisema meno "yamekwaruzwa", kipo kitu cha tatu kilichopita kati yao, kama kipande cha chuma au mchanga ulioingia katika mafuta. Kati ya "legea" na "legeza", kati ya "kwama" na "kwamua", kati ya "saga" na "sagika", mna sababu na matokeo, mtendaji na mtendwa. Lugha nyingine huhitaji maneno manne au matano ili kueleza jambo ambalo hapa limewekwa katika silabi moja.

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni mapambo ya sarufi tu. Basi na tuyapime kwa kazi. Gari limesimama, injini inazunguka, gia haijaingizwa. Giaboksi inalia. Ukikanyaga klachi, kilio kinakoma. Klachi imeitenga injini na giaboksi, kwa hiyo kinacholia ni kitu kinachozungushwa na injini hata gari likiwa limesimama, yaani beringi ya shafti ya kuingilia au beringi za shafti ya chini. Kilio kikianza pale unapokanyaga klachi, mshtakiwa ni beringi ya klachi yenyewe, na giaboksi yafaa iachwe ilipo. Sasa gari linakwenda. Linalia katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, likiingia ya nne linanyamaza. Hapo ndipo mpango wa Renault unapotoa ushahidi: katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Kwa hiyo mgonjwa ni shafti ya chini, ama meno yake, ama beringi zake. Maelezo haya yote yametolewa kwa Kiswahili cha gereji, wala hakuna hatua iliyokosa neno.

Kazi ya kufungua nayo ina utaratibu wake. Mafuta humwagwa kwanza katika karai safi na kutazamwa, kwa maana unga wa rangi ya dhahabu ni pete za shaba zinazolika, na vipande vyenye kumeta vya rangi ya fedha ni meno ya chuma au beringi. Kifuniko hutolewa, uma za kusukumia gia hutolewa, na kila kitu hulazwa juu ya kitambaa kwa mpangilio ule ule kilichotoka nao, kikielekea upande ule ule. Fundi mwema hatii vyuma vyote katika ndoo moja. Pete mbili zaweza kufanana kwa macho, nazo haziwezi kubadilishana mahali, kwa kuwa kila moja imeshasuguana na mwenziwe kwa miaka. Mwanasarufi hataona ajabu: katika neno la Kiswahili pia kila kiambishi kina mahali pake, na kikihamishwa neno halisemi tena.

Vitu vya kupima ni vichache. Pete ya kulinganisha mwendo huwekwa juu ya pia yake na kubanwa kwa vidole, kisha mwanya uliobaki kati ya pete na meno hupimwa kwa bamba jembamba. Mwanya ukiwa umekwisha au umebaki kidogo mno, pete imelika. Haitashika, na gia itaingia kwa kelele. Mwendo wa shafti wa mbele na nyuma hurekebishwa kwa pete bapa za unene mbalimbali. Nafasi ikizidi, gia zitachomoka. Ikikosekana, vyuma vitapata moto na kushikana. Beringi kuukuu haisafishwi ikarudishwa kama inakwaruza mkononi. Hubadilishwa, na hapa fundi wa nyumbani ana msaada mkubwa ulioandikwa katika chuma chenyewe: namba. Beringi yenye namba 6306 ina tundu la milimita 30, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, huzidishwa kwa 5. Namba hiyo ina maana moja kwa watengenezaji wote, hata beringi iliyotengenezwa kwa ajili ya pampu ya maji au mashine ya kusagia yaweza kukaa katika giaboksi, mradi namba na aina yake ni sawa. Nimewahi kuketi na mafundi wasiomaliza darasa la saba walioifanya hesabu hii kichwani kabla sijatoa kalamu.

Beringi mpya haipigwi nyundo mpaka iingie. Kasha la giaboksi ya Land Rover ni la aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua cha beringi. Kwa hiyo kasha hutiwa katika maji ya moto sana, hutolewa na kukaushwa upesi, na beringi iliyokuwa ikigoma huteremka yenyewe. Kasha likipoa, huibana. Kisha kila kitu hurudi kwa mpangilio uliogeuzwa: kilichotoka mwisho huingia kwanza. Sili za mafuta ni mpya, gasketi ni mpya, nati hukazwa kwa kupokezana pande ili kifuniko kisipinde, na mafuta mazito ya gia, karibu lita 1 na nusu, hutiwa mpaka yafike kwenye tundu la kipimo. Kabla ya kupandisha giaboksi garini, fundi huingiza kila gia kwa mkono huku akizungusha shafti. Kosa likigunduliwa chini ya mwembe hugharimu saa moja; likigunduliwa barabarani hugharimu siku mbili.

Nimeeleza kazi hii kwa urefu kwa sababu maalumu. Ujuzi huu unaondoka. Magari mengi yanayoingizwa kwetu sasa, yaliyokwisha kutumiwa Japani, hujibadili gia yenyewe. Magari ya umeme, kwa sehemu kubwa, yana gia moja tu isiyobadilishwa. Na hata pale penye giaboksi ya mkono, mwenye gari aghalabu huona ni nafuu kununua giaboksi nzima iliyong'olewa katika gari jingine kuliko kumlipa fundi siku tatu za kuifungua. Simlaumu, hesabu yake ni sahihi. Lakini fundi anayebadili kasha zima hahitaji kujua kama gia imechomoka au imechomolewa. Neno lisilohitajiwa halisemwi, na lisiposemwa mbele ya kijana, kijana halipati. Giaboksi zitabaki katika majumba ya makumbusho. Vitenzi havina jumba.

Sisi watu wa vyuo twahusika vipi? Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930 na kusimamia kamusi ya mwaka 1939 iliyohaririwa na Frederick Johnson. Chuo cha Uchunguzi kikaanza Dar es Salaam mwaka 1964, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Kazi hizo ni kubwa, na hakuna anayefanya uchunguzi wa lugha hii asiyekuwa na deni kwazo. Walakini tulipotaka maneno ya ufundi tuliandaa orodha, na orodha ni nyumba ya majina. Kitenzi katika orodha hupoteza viambishi vyake, na bila viambishi hupoteza ile maana niliyoionyesha. Vijana wetu nao wakienda katika vyuo vya ufundi hukuta vitabu vingi vya Kiingereza, na wengine huondoka wakidhani kwamba lugha waliyoisikia gerejini ilikuwa ya kubahatisha tu, ilhali ndiyo iliyokuwa na maelezo sahihi.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, wanafunzi wa isimu wapelekwe gerejini kama wanavyopelekwa vijijini kukusanya ngano, wakiwa na chombo cha kunasia sauti, wakae na wazee wa ufundi tangu giaboksi inapofunguliwa hadi inapofungwa, na wanukuu sentensi nzima, si neno peke yake. La pili, wenye kutunga kamusi waingize maana za kifundi chini ya vitenzi vya kawaida, pamoja na hali zake za kutendeka, kutendana na kutendwa. La tatu, vitabu vya kufundishia mitambo viandikwe na watu wawili wakiketi pamoja, mwenye kujua mashine na mwenye kuisikiliza lugha yake, na majina ya kigeni yaachwe yalivyo kama mafundi wamekwisha kuyakubali. Kutunga jina jipya la klachi si kazi ya haraka, maana klachi ina jina. Kazi ya haraka ni kuandika, wakati wazee wangali hai, tofauti ya klachi iliyoungua, iliyolika, inayoteleza na isiyoachia; kwa kila moja ya hizo nne ina dawa yake, na mwanagenzi atakayezichanganya atalifungua gari la mtu bure.